Swali la Nne: Una Watoto Wangapi?

(Mshereheshaji anagonga kipaza sauti mara tatu. Kinapiga mluzi. Mheshimiwa Mwenyekiti anapanda jukwaani na kurasa thelathini na moja mkononi, na ukumbi unahesabu kurasa hizo kwa macho na kukata tamaa.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru; Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye tumearifiwa kwamba yuko njiani tangu juzi; ndugu dereva wa Mwakilishi, ambaye yeye amefika, na kwa hiyo amekalia kiti chenye kitambaa; waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kudumu ya Afya ya Akina Mama, Uzazi na Mambo Mengineyo; waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Muda ya Kuichunguza Kamati ya Kudumu, ambao ni walewale; ndugu Muuguzi wetu mkongwe, mlezi wa zamu zote; ndugu Bwana Stoo, mwenye funguo; ndugu wadau, wadau wenza na wadau watarajiwa; Mama yangu Mkubwa, uliyeketi safu ya kwanza na mkoba wako magotini; mabibi na mabwana, pamoja nanyi mliosimama dirishani kwa sababu viti vimekwisha: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya wajibu.)

Nasimama mbele yenu nikiwa na furaha iliyojadiliwa na kupitishwa na kikao halali, kuzindua rasmi, kimkakati na kwa mujibu wa mpango kazi, Kliniki ya Mfano ya Uchunguzi wa Saratani ya Ovari, iliyoko nyuma ya pazia hili jekundu mnaloliona, na ambayo nitaifunua mwishoni mwa hotuba, kwa kuwa uzoefu umetufundisha kwamba tukifunua mwanzoni watu huondoka.

Wapo wanaouliza, nami nawasikia wakiuliza hata sasa, huyu bwana anajua nini kuhusu ovari. Swali zuri. Kabla ya kuteuliwa kuongoza mradi huu nilikuwa Mkuu wa Kitengo cha Mifereji na Mitaro kwa miaka kumi na miwili, na nilipoitwa ofisini nikaambiwa kwamba sasa nitashughulikia mirija ya uzazi, nilijiona ninao uzoefu wa kutosha. (Kicheko.) Msicheke. Nilihudhuria semina elekezi kumi na nne. Katika semina ya kwanza nilijifunza kwamba ovari ni vifuko viwili vidogo vya mayai, kimoja kushoto na kimoja kulia, vilivyojificha chini ya tumbo la mwanamke. Katika semina ya pili hadi ya kumi na nne nilijifunza jambo hilohilo, ila kwa slaidi. Kwa hiyo leo naweza kusema bila kiburi kwamba katika ukumbi huu hakuna mtu anayezifahamu ovari kuliko mimi, isipokuwa wale walio nazo.

(Sauti ya mwanamke nyuma: "Afadhali umekumbuka.")

Nashukuru kwa mchango huo. Umeingizwa kwenye kumbukumbu.

Sasa niingie katika sayansi, na naomba mtulie, maana nitaitoa ripoti ya Daktari wa mradi huu kama alivyoiandika kabla hajahamishwa, kisha nitaifafanua, maana yeye aliiandika kwa lugha rahisi mno. Daktari anasema kwamba historia ya uzazi ya mwanamke ina uhusiano na uwezekano wake wa kupata saratani ya ovari. Aliyezaa uwezekano wake ni mdogo kidogo kuliko ambaye hakuzaa kabisa, na kila mimba iliyofika muda wake hupunguza tena kidogo. Kunyonyesha nako hupunguza. Vidonge vya kupanga uzazi, vikitumiwa kwa miaka, navyo hupunguza. Na anasema dhana mojawapo ya wataalamu ni hii: kila mwezi yai likitoka, huacha kijeraha juu ya ovari, kijeraha hupona, mwezi ujao huja kingine, miaka thelathini na zaidi, na katika ukarabati usiokwisha ndipo mahali fulani kosa huweza kuingia.

Nikatafakari kiofisi. Nikaona kwamba ovari ni mtumishi wa umma anayefanya kazi kila mwezi tangu ujana hadi utu uzima, bila posho, bila uhamisho, bila kupandishwa cheo, na likizo yake pekee ni mimba na kunyonyesha. Mabibi na mabwana, hii ndiyo likizo ya uzazi hasa. (Kicheko kirefu. Muuguzi mkongwe anatabasamu bila kutaka.) Na mimi, ambaye nina likizo sita za mwaka na zote nimezitumia kusikiliza semina, nilijisikia aibu mbele ya kiungo hicho. Nikaapa kwamba lazima kitapimwa.

Ndipo tukaandika barua ya kuomba vifaa. Barua ilisema, kwa maneno machache kuliko kawaida yetu, kwamba tunaomba vifaa vya uchunguzi wa ovari kwa ajili ya akina mama mia mbili. Barua hiyo ilipita madawati tisa. Katika dawati la sita palikuwa na kijana mchapakazi, msomi, ambaye aliona kosa la tahajia akalisahihisha kwa moyo safi. Baada ya miezi minane lori likaja, Bwana Stoo akafungua maboksi kwa kisu, na ndani yake mlikuwa na ovaroli mia mbili, za buluu, saizi kubwa, mifuko minne kila moja.

(Kicheko. Wahudumu wanaopita na maji ya kunywa wanajitazama. Wote wamevaa ovaroli za buluu zilizokunjwa mikono.)

Ndiyo, hizo. Tulizipokea, tukazisainia, tukaandika barua ya shukrani. Nani angekataa? Kuzirudisha kungetaka madawati tisa mengine. Nikaiambia kamati kwamba mtaji wa mradi ni watu, siyo mashine, na kwamba kwa kuwa mashine ya kupiga picha ya tumbo haijaja, tutatumia mashine iliyo bora kuliko zote, nayo ni fomu.

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini kwa sababu fomu ile ni kazi ya mikono yangu. Daktari alikuwa ametuachia rasimu. Niliipeleka nyumbani, nikaisoma mezani, na nilipofika swali la nne nilishtuka. Lilisema: "Umewahi kubeba mimba ngapi zilizofika muda wake?" Jamani. Hebu fikirieni kijana aliyevaa ovaroli ya serikali anasimama mbele ya mama wa makamo kibarazani kwake na kumuuliza hivyo, na wakwe wanasikia. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni: "Lugha hii haina adabu." Nikalifuta. Nikaweka swali la heshima, swali ambalo kila mtu huulizwa na kulijibu huku anatabasamu: "Una watoto wangapi?" Swali la saba, lililouliza kama katika ukoo yupo aliyeugua maradhi ya namna hii, nililifuta pia. Nilisema mambo ya ukoo hayasemwi mbele ya watu wa ofisini. Kamati ilinipigia makofi. Mjumbe mmoja alisema amefurahi kuona fomu ya kwanza ya kisayansi iliyolelewa vizuri na wazazi wake.

Na matokeo, ndugu wadau, ni ya kihistoria. Kwa awamu ya kwanza tulilenga wanawake mia moja. Tumewafikia mia moja na wanne, kwa kuwa wanne walirudi kuchukua mara ya pili sabuni anayopewa kila aliyejaza fomu. Kiwango cha mafanikio kwa hiyo ni asilimia mia moja na nne, ambacho hakijawahi kufikiwa na idara yoyote isipokuwa ile ya uchaguzi. (Kicheko kinachokatika upesi.) Kisha tukawapanga kwa rangi. Mwenye watoto wengi, kadi ya kijani, yaani aende zake nyumbani. Mwenye mmoja au wawili, kadi ya njano, yaani asubiri. Asiye na mtoto, kadi nyekundu, yaani aje kliniki. Na hapa data ikatushangaza, ikatufurahisha, ikatupa impakti tuliyoiota: kadi nyekundu iliyotolewa ni moja tu. Moja, katika wanawake mia na wanne. Eneo letu, mabibi na mabwana, karibu lote ni la kijani.

(Makofi. Mshonaji, mwanamke mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni, anainua kadi nyekundu juu.)

Namwona mwenye kadi hiyo. Karibu sana, dada. Utashughulikiwa.

Na ili data isibaki kwenye makaratasi, kamati iliamua kumtunuku cheti mwanamke aliyepata alama bora kuliko wote, awe kielelezo. Tukapekua fomu moja moja. Tulipoipata ile yenye namba kubwa na kulisoma jina, nililazimika kutoka nje kidogo nifute macho, maana hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa Mama yangu Mkubwa, dada yake mama yangu, aliyenipokea nikiwa na miaka minne na kunilea hadi nikaweza kusimama hapa kuwachosha. Ameandika watoto saba. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Yeye amefanya zote mbili. Mama, naomba upande jukwaani. Mpigieni vigelegele. (Vigelegele. Mama Mkubwa anainuka polepole, mkono mmoja kwenye kiti cha mbele, mwingine chini ya tumbo. Anapanda ngazi tatu na kupumzika katika kila moja.)

Mnaona unyenyekevu. Anatembea taratibu. Amevaa gauni la kupwaya, mtindo ambao siku hizi anaupenda. Mama, cheti hiki kina fremu, kina muhuri, na kina jina lako limeandikwa kwa wino wa dhahabu. Sema neno moja tu kwa wadau.

(Mama Mkubwa anakipokea cheti, anakisoma hadi mwisho, kisha anakisogelea kipaza sauti. "Nashukuru. Lakini Kasuku, mwanangu, hapa pameandikwa kwamba nimezaa mara saba." Ukumbi unacheka jina la Kasuku.)

Ndiyo, Mama. Na ndugu zangu, Kasuku ni jina la nyumbani, naomba lisiingie kwenye kumbukumbu.

("Mimi sijazaa, baba. Hata mara moja.")

(Muuguzi mkongwe anainua kichwa.)

Mama. Labda swali hukulielewa vizuri.

("Nililielewa. Yule binti aliniuliza nina watoto wangapi. Nikamwambia saba. Wewe na wadogo zako wawili, hao watatu. Wa kaka yangu wawili, watano. Yule wa mume wangu, sita. Na yule aliyeachwa na jirani alipohama, saba. Ulitaka niseme sina mtoto? Niseme sina, na wewe unakula kwangu kila Jumapili?")

(Kicheko, lakini si cha dhihaka. Mtu dirishani anasema, "Amesema kweli.")

Ndugu wadau, hii ni, naomba nitafute ukurasa. Hii ni changamoto ya kawaida ya ukusanyaji wa data. Kwa mujibu wa ukurasa wa kumi na tisa, panapotokea tofauti kati ya mhusika na fomu, fomu ndiyo itakayo... Hapana. Subirini.

(Mheshimiwa anaziweka kurasa chini. Anavua miwani.)

Niwaambie jambo. Mimi namjua Mama huyu tangu nina miaka minne. Nimelala miguuni pake. Ninajua hakuzaa, ninalijua hilo kama ninavyojua mlango wa nyumba yetu unafungukia ndani. Kwetu hakuna aliyewahi kulisema, kwa hiyo nilijua bila kujua. Nilipoiona fomu imeandikwa saba, nikafurahi, nikahesabu kwa vidole, nikapata saba, nikasaini. Mabibi na mabwana, katika wale saba niliowahesabu kwamba Mama huyu amewazaa, mmoja ni mimi. Nilijihesabu. Mama aliyenizaa mwingine, kaburi lake nalifahamu, na bado nilijihesabu. Debe tupu haliachi kuvuma. Lakini leo debe limevuma mpaka likajisikia lenyewe.

(Kicheko kidogo. Muuguzi mkongwe amesimama. "Mheshimiwa, naomba kusema." Mshereheshaji anampa kipaza sauti cha pili, nacho kinafanya kazi.)

("Mama huyu alikuja kwangu wiki sita zilizopita. Alisema tumbo limejaa, chakula anakula vijiko viwili anashiba, usiku anaamka kwenda haja ndogo. Nikataka kumwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Karani wa kamati yako akaniambia ana kadi ya kijani, arudi nyumbani, barua ni za kadi nyekundu. Nilibishana. Akanionyesha sahihi yako.")

Sahihi yangu ni nzuri, watu husema. (Hakuna anayecheka.) Mama, mbona hukuniambia mimi?

("Nilikwambia. Jumapili ile ya mvua. Ukasema ni gesi, nipunguze maharage.")

Nilisema hivyo. Nikaongeza kwamba nimehudhuria semina kumi na nne.

("Uliongeza.")

Basi, ndugu Muuguzi, nakuomba kama mtaalamu, mbele ya watu wote: ingekuwa fomu yangu imeuliza vizuri, akaandika kwamba hakuzaa, kosa hili lisingetokea. Siyo?

("Lingetokea kwa mwingine, Mheshimiwa. Hata angekuwa amezaa saba kweli, tumbo likijaa wiki na wiki na halikuwa hivyo zamani, linapimwa. Kuzaa hupunguza uwezekano, hakufuti. Mimi nimewauguza waliozaa tisa. Ile hesabu ya Daktari ni ya kuelewa watu wengi kwa pamoja. Haikuandikwa ili mtu mmoja arudishwe mlangoni.")

Ewe Daktari, ulipo, nilikusoma kichwa chini miguu juu. Nilichukua elimu ya kumsaidia mtu aulizwe vizuri, nikaigeuza kuwa lango lenye askari. Niliona aibu ya maneno, sikuona aibu ya kumrudisha mgonjwa. Mficha uchi hazai, walisema, na mimi nilificha mpaka swali.

(Mshonaji anashusha kadi yake nyekundu. "Na mimi? Mimi ndiye pekee niliyesema ukweli. Mtaa mzima wanajua rangi ya kadi yangu. Shemeji ananiambia nimejiletea mwenyewe kwa kutozaa. Nimeletewa hukumu au nimeletewa kadi?")

Dada, kwa hilo sina ukurasa. Muuguzi, msaidie. Nisaidie na mimi.

("Si hukumu, mdogo wangu. Walio wengi ambao hawakuzaa hawapati ugonjwa huu maisha yao yote. Na hakuna kosa lolote ulilotenda. Una dalili yoyote? Tumbo, maumivu ya nyonga?" Mshonaji: "Sina. Nina hasira tu." Muuguzi: "Hiyo haina kipimo. Na niseme kweli, kwa mwanamke asiye na dalili hakuna kipimo cha kuaminika cha kumpitisha kila mtu. Ndiyo maana dalili zikija hatuzichezei. Kadi hiyo ichane." Mshonaji anaichana vipande vinne na kuvitia mfukoni mwa mhudumu mwenye ovaroli.)

Mifuko ile angalau imepata kazi.

(Muuguzi hajakaa. "Mama, na mdogo wako, mama yake Mheshimiwa, alifariki kwa nini?" Mama Mkubwa anamtazama Mheshimiwa kwanza, kama anaomba ruhusa. "Tumbo," anasema. "Lilijaa kama mwenye mimba. Watu wakampongeza.")

(Kipaza sauti cha Mheshimiwa kinapiga mluzi, anakizima, anakiwasha.)

Swali la saba. Nililifuta kwa kalamu ileile.

Ndugu zangu, nilikuwa na kurasa kumi na mbili zilizobaki. Ukurasa wa ishirini unaeleza ushirikiano wa kimkakati kati ya idara. Ukurasa wa ishirini na tatu unanisifu mimi kwa kauli ya kutendwa, ili isionekane kwamba nimejisifu. Ukurasa wa ishirini na sita una takwimu ya asilimia ya kuridhika, ambayo niliikusanya kwa kujiuliza. Sitazisoma. Mkizihitaji zipo, na karatasi yake ni nzito, inafaa kufungia vitu.

("Kasuku," anasema Mama Mkubwa, naye amekalia sasa kiti cha mshereheshaji. "Maneno yako mazuri, na umeomba radhi bila kusema neno radhi, kama ulivyokuwa utotoni. Sasa nipime. Si kliniki ndiyo hiyo? Funua hilo pazia niingie, nilale, nipimwe, nirudi nyumbani kabla ya jua kali.")

(Ukumbi wote unageukia pazia jekundu. Mtu dirishani anapiga makofi peke yake. Wengine wanamfuata. "Funua. Funua.")

Mama, kabla ya kufunua kuna utaratibu. Huwa tunaanza na kaulimbiu. Nitasema nusu, mtaitikia nusu. Walioandika kaulimbiu zilizochapishwa kwenye fulana ni wataalamu wa mawasiliano, na iliyoko kifuani mwa mshereheshaji inasema "Ovari Yako, Maendeleo Yetu". Hiyo tuiache. Nitatunga hapahapa, na mnisamehe vina.

Tumbo likijaa wiki tatu. (Ukumbi, kwa kusitasita: "Lipimwe.") Awe amezaa. ("Lipimwe.") Awe hakuzaa. (Mshonaji, kwa sauti kuliko wote: "Lipimwe.") Ukishiba kwa vijiko viwili. ("Upimwe.") Mwenyekiti akisema ni gesi. ("Apimwe yeye." Kicheko kikubwa kuliko vyote. Mama Mkubwa anacheka hadi anashika ubavu, kisha anaacha kucheka na kuendelea kuushika.)

Basi imetosha. Nimeona.

Nahitimisha kwa shukrani, na shukrani zangu zitakuwa za kweli kwa sababu sikuziandika. Namshukuru Mgeni Rasmi kwa kutofika, maana angeniuliza maswali. Namshukuru Bwana Stoo, ambaye kwa mwaka mzima amelinda kwa kufuli chumba kisichokuwa na kitu ndani yake na hakuniuliza kwa nini. (Bwana Stoo: "Niliuliza. Ukasema ni siri ya serikali.") Nawashukuru mafundi walioning'iniza pazia hili jana jioni, moja kwa moja ukutani, kwa misumari sita. Ndiyo. Ukutani. Nawashukuru ninyi nyote kwa kuhudhuria uzinduzi wa kliniki ambayo haipo, haijapata kuwapo, haina kitanda, haina mashine, haina daktari, na ambayo mtu akilifunua pazia lake atapaka mikono chokaa. Kilichokuwapo ni barua iliyosahihishwa tahajia, fomu iliyosahihishwa adabu, na mimi. Nilidhani nikiizindua vizuri itajisikia vibaya isipokuwapo.

(Watu dirishani wanasogea karibu zaidi.)

Kilichopo ni hiki. Muuguzi ameandika barua yake wakati mimi nikipiga kaulimbiu. Nimemwona anaandikia gotini. Inakwenda hospitali kubwa, mwendo wa saa mbili, nao huko wana mashine, na leo wanapokea hadi saa tisa. Muuguzi, isome kwa sauti, Mama akikubali.

(Mama Mkubwa anatikisa kichwa kukubali. Muuguzi: "Mwanamke, miaka sitini na tatu. Mimba: hakuna. Mdogo wake wa kuzaliwa alifariki na tumbo lililojaa. Tumbo kujaa na kushiba upesi, wiki kumi au zaidi. Apigwe picha ya tumbo na aonwe na daktari wa magonjwa ya wanawake. Asirudishwe.")

Asirudishwe. Neno moja, lenye kazi kuliko kurasa zangu thelathini na moja.

Mshereheshaji, funga kikao. Waliobaki wagawiwe maji. Mama, nishike bega, ngazi ni tatu.

(Mama Mkubwa hashiki bega bado. "Na ikiwa ni lile lililomchukua mdogo wangu?" Hasemi kwenye kipaza sauti, lakini kipaza sauti kinasikia.)

Sijui, Mama. Ni mara ya kwanza nasema neno hilo mbele ya watu na naona halijaniua. Sijui. Tutakwenda watuambie. Kama limechelewa, aliyelichelewesha atakuwa ameketi pembeni yako, utamsema njia nzima ya kurudi.

("Nitakusema na njia ya kwenda.")

Na ya kwenda. Haya. Sasa sikiliza, maana hospitali ile fomu yao naijua, niliwahi kuidharau kwenye semina kwa kuwa fupi. Mtu atakuuliza mimba ngapi. Atauliza hivyohivyo, bila kuzungukazunguka, na wewe utamjibu hakuna, wala usione haya, na mimi nitakuwa nimesimama hapohapo nikisikia. Chini ya swali hilo kuna mstari mwingine, jamaa wa karibu wa mgonjwa. Hapo usiseme kitu, Mama. Hapo nitajaza mimi.

(Anamshusha ngazi moja. Wanapumzika. Ya pili.)